Uzi: Simu ya kukunja kwa anayejirekodi mwenyewe, unalipia kisimamio, hulipii kamera

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za siku. Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa nikirekodi video zangu zote za mapishi na za sokoni kwa simu ya kukunja ya umbo la kijaluba, yaani ile inayojikunja katikati na kubaki kipande cha mraba kinachoenea kiganjani. Kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi kama inafaa kununuliwa, kwa hiyo nimeona heri nilieleze jambo hili mara moja na kwa kirefu. Sitasema simu yangu ni ya kampuni gani, kwa sababu iliwahi kunitenda, na sipendi uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki. Majina nitakayoyataja ni ya simu ambazo vipimo vyake kila mtu anaweza kuvisoma kwenye boksi.

Nianze na lile ambalo muuzaji hatakwambia. Simu ya kukunja haikupi kamera bora kuliko simu bapa ya bei hiyohiyo, kwa kuwa bawaba na kioo cha pili hula nafasi ambayo ingekaliwa na lenzi na betri. Galaxy Z Flip6, simu ya kijaluba ya Samsung, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 1,099 za Marekani ikiwa na kamera kuu ya megapikseli 50, kamera ya pembe pana ya megapikseli 12 na betri ya mAh 4,000. Galaxy S24+, simu bapa ya mwaka huohuo, ilitoka kwa dola 999, ikiwa na betri ya mAh 4,900 na lenzi ya kuvuta picha mara tatu ambayo Flip6 haina kabisa. Mtu anayerekodi harusi akiwa amekaa viti vya nyuma, au mechi akiwa jukwaani, hana sababu ya kuendelea kusoma uzi huu. Achukue simu bapa, pesa inayobaki anunue maiki.

Fedha ya ziada inalipia vitu viwili tu: kisimamio kisichosahaulika nyumbani, na kioo cha kujitazamia. Kwa mtu anayerekodi peke yake, vitu hivyo viwili ni vikubwa kuliko vinavyosikika.

Kwenye simu ya kawaida, ukitaka kujiona wakati unajirekodi unalazimika kutumia kamera ya mbele, ambayo karibu kila mara ni dhaifu kuliko ya nyuma. Kwenye Flip6, kamera ya ndani ni ya megapikseli 10, ilhali kamera kuu iliyo nje ni ile ya megapikseli 50, na kando yake kuna kioo kinachokuonyesha ulivyokaa ndani ya picha. Unajirekodi kwa kamera nzuri huku unajiona, na kwa sababu kioo hicho kimepakana na lenzi, macho yako hayapotei pembeni. Watu wengi wanaoonekana katika video zao kama wanaongea na mtu aliyesimama nyuma ya mtazamaji wana tatizo hilo tu: wanajitazama wao badala ya kuitazama lenzi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuuliza megapikseli, uliza ukubwa wa kioo cha nje. Galaxy Z Flip ya kwanza, ya Februari 2020, ilikuwa na kioo cha nje cha inchi 1.1, ambacho kilifaa kusomea saa na kingine kidogo sana. Tecno Phantom V Flip ya mwaka 2023 ilikuja na cha duara cha inchi 1.32, kizuri kukitazama, lakini uso wako ndani yake unakuwa kama picha ya kitambulisho iliyofuliwa. Mambo yalibadilika Flip5 ilipofika inchi 3.4, Motorola Razr 50 Ultra ikafika 4.0, Infinix Zero Flip ikaja na 3.64, na Flip7 ya Julai 2025 ikafika 4.1. Ukiuziwa iliyotumika ya miaka ya mwanzo kwa bei ya kuvutia, kumbuka kwamba kile unachokitafuta hakimo ndani yake.

Sasa niwapeleke jikoni. Napika vitumbua alfajiri, peke yangu, mkono mmoja umeshika upawa na mwingine kijiti cha kugeuzia, na unga wa mchele ukishaingia kwenye kikaango haukusubiri utafute stendi. Naikunja simu mpaka nusu, nusu ya chini nailaza mezani na ya juu inasimama, kisha nanyoosha kiganja kuielekea kamera na inaanza kurekodi bila kuguswa na kidole chenye mafuta. Ikikaa hivyo, video hutoka ya wima, tayari kwa TikTok au Reels. Ukiisimamisha kwa ubavu kama kitabu kilichofunguliwa nusu, hutoka ya mlalo.

Lakini wiki ya kwanza nilipotazama nilichorekodi, nilijiona matundu ya pua na kidevu, na kikaango hakikuonekana hata ukingo. Sababu ni hesabu ndogo: simu ikisimama nusu, lenzi inakuwa juu ya meza kwa sentimita nane hivi, na inakutazama kama mtoto anayetambaa. Dawa yake ni kuipandisha. Mimi huipandisha juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, chini yake ndoo ndogo ya unga, mpaka lenzi ilingane na kifua changu, halafu nauinamisha upande wa juu kidogo kuelekea chini ili kikaango kiingie. Pembe hiyo ndogo ndiyo inayonifurahisha kuliko yote, kwa sababu bawaba inabaki pale ulipoiacha.

Sokoni matumizi yake ni mengine. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wakati wa mnada, mtu akinyanyua simu ndefu mbele ya uso wake kila mtu anageuka, na dalali ambaye sekunde mbili zilizopita alikuwa akiipandisha bei ya samaki changu kwa sauti ya kuimba anaanza kuigiza. Hapo naikunja simu nusu na kuishika kama kamera za video za zamani, mkono ukiwa usawa wa tumbo, naitazama picha kwa juu. Ruhusa naomba kwanza, hilo si la mjadala. Tofauti ni kwamba wakishakubali wanasahau kuwa nipo, na ndipo nilipopata dakika yangu bora ya mwaka: mama mmoja aliyekuwa akihesabu dagaa kwa mafungu, akakosea, akarudi mwanzo, akacheka peke yake.

Kuhusu jinsi ilivyonitenda. Siku moja nilirekodi ufukweni Kigamboni, upepo ukiwa mkali, na nikaiweka simu juu ya taulo ikiwa imekunjwa nusu. Usiku ule bawaba ilianza kutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Niliipuuza. Baada ya wiki tano mstari mweusi ulitokea kwenye kioo cha ndani, sawasawa katikati ya mkunjo, ukapanuka kila siku mpaka nusu ya juu ikazima. Gharama niliyotajiwa ya kubadilisha kioo hicho ilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia simu. Nililipa, na mpaka leo ninaitumia, jambo ambalo msomaji anaweza kulitafsiri apendavyo.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Kaka, shukrani kwa uzi uliotulia. Mimi hurekodi safari za mashua na watalii, na simu ninayoifikiria imeandikwa IPX8. Muuzaji ameniambia herufi hizo zinamaanisha naweza kuingia nayo baharini. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, muuzaji amekusomea nusu ya maandishi. Herufi hizo zina nafasi mbili: ya kwanza ni ya vitu vigumu kama vumbi na mchanga, ya pili ni ya maji. X katika nafasi ya kwanza si alama ya ushindi, maana yake ni kwamba hakuna daraja la vumbi lililotolewa. Galaxy Z Fold3 (ya umbo la kitabu, inayofunguka kwa upana) na Flip3 za mwaka 2021 zilikuwa IPX8, na wakati ule kuipa simu yenye bawaba kinga ya maji tu kulikuwa hatua kubwa. Flip6 na Fold6 zikapanda hadi IP48, ambapo 4 humaanisha kinga dhidi ya vitu vyenye kipenyo cha zaidi ya milimita moja. Chota mchanga wa ufukwe wa Nyali kiganjani uuangalie: punje nyingi ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo mchanga unaokuhusu wewe haumo kwenye ahadi hiyo. Simu ya kukunja ya kwanza kutangazwa kwa daraja la IP68, la kuzuia vumbi kabisa, ni Pixel 10 Pro Fold ya mwaka 2025, nayo ni ya umbo la kitabu, si kijaluba.

Ama kwa upande wa maji, kipimo hicho hufanywa katika maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyotulia, si katika maji ya chumvi yenye mawimbi. Rashasha ya mashua ikiirukia, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kisha kikavu, na usiichaji mpaka tundu likauke. Kuogelea nayo, hapana.

Fundi simu

Naomba niongeze kwa upande wa meza yangu, kwa kuwa simu hizi ninazipokea na ninaona kinachoziua.

Kioo cha ndani cha simu nyingi za kukunja za sasa ni kioo kweli, lakini ni chembamba mno, kiasi cha makumi machache ya maikroni, yaani chembamba kuliko unywele wa watu wengi. Juu yake kiwandani hubandikwa utando wa plastiki, na wateja huuona utando huo kama protekta ya kawaida iliyochakaa, hasa unapoanza kuinuka na kufanya mapovu kwenye mkunjo baada ya mwaka au zaidi. Wanaung'oa kwa kucha. Utando ule ndio unaobeba mikwaruzo na msukumo, na kioo kikibaki uchi kinaweza kupasuka kwa jambo dogo. Hata mwaka 2019, Fold ya kwanza kabisa ilipopelekwa kwa waandishi mwezi Aprili, baadhi yao waliung'oa utando wakidhani ni wa kusafirishia, simu nyingine zikapata uchafu ndani ya bawaba, na uuzaji ukaahirishwa hadi Septemba. Utando ukiinuka, uende ukabandikwe mpya kwa vifaa vyake. Usiukate kwa wembe, wala usibandike protekta ya kioo kigumu juu yake.

Jambo la pili ni gharama. Kioo cha ndani mara nyingi huja kama kipande kimoja na fremu na bawaba, kwa hiyo fundi hawezi kukubadilishia kioo peke yake kama anavyofanya kwenye simu bapa. Ndiyo maana mwanzisha uzi alitajiwa bei ile. Hakuibiwa.

Kuhusu hofu ya kukunja mara nyingi, simwoni mteja anayeletwa kwangu na hesabu ya mikunjo. Kipimo cha mikunjo 200,000 kilichotangazwa kwa simu nyingi za aina hii, ukikunja mara mia kwa siku, ni zaidi ya miaka mitano. Wanaletwa na mchanga, na kuanguka, na kijiko kilichosahaulika katikati. Naam, kijiko. Mteja alikuwa akila huku anatazama tamthilia, akaifunga simu kwa haraka baada ya mkewe kuingia.

Mchangiaji asiyekubali

Wakuu, mimi nitakuwa mwiba. Stendi ya mezani inauzwa shilingi elfu ishirini na kitu za Tanzania, inapanda, inageuka, na haiogopi mchanga. Kioo cha nje kinachosifiwa kinaweza kuondolewa na zoezi la siku mbili: unajipanga, unarekodi sekunde kumi, unaangalia, unarekebisha. Wapo watengeneza maudhui wengi ambao hawajawahi kujiona wakati wa kurekodi, na video zao zinatazamwa. Kwa nini mtu alipe zaidi ya dola elfu moja za simu kwa sababu ya uvivu wa kubeba stendi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito, na kwa anayerekodi mahali pamoja kila siku, ofisini au studio ya chumbani, umemaliza. Stendi inatosha na inazidi. Nakupinga kwa jambo moja. Stendi ina gharama isiyoandikwa, nayo ni dakika ya kuitoa, kuifungua na kuipachika simu. Video za maisha ya kila siku huishi ndani ya dakika hiyo. Mvua inaanza, jirani anatoa mkate wa ajemi kwenye tanuri, mtoto anatamka neno jipya, na mpaka stendi isimame kilichobaki ni maelezo ya kilichotokea. Mimi nilikuwa na stendi mbili nzuri, na zote zilikuwa nyumbani kila nilipozihitaji. Huo si uvivu tu, ingawa siwezi kuapa kwamba uvivu haumo.

Mchangiaji kutoka Muscat

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi natumia ya umbo la kitabu, si kijaluba, na kazi yangu ni kurekodi vyakula na mitaa kwa ajili ya jamaa zetu walioko Zanzibar na hapa Oman. Nataka kusema kwamba mnajadili kurekodi na kusahau kuhariri. Kioo cha inchi 7.6 au 8 kikifunguka, mstari wa klipu unakaa chini na picha inakaa juu kwa ukubwa wa kuonekana, na kukata sehemu ya mtu aliyekohoa kunawezekana kwa kidole bila kuikata na sentensi iliyofuata. Kwenye simu ya kijaluba, ukiifungua unapata kioo kirefu chembamba kama cha simu nyingine yoyote, kwa hiyo mwenye nayo ananunua wepesi wa kurekodi, na mwenye kitabu ananunua meza ya kuhariria. Kwa safari ndefu za ndege mimi nahariri video nzima kabla ya kutua.

Tatizo langu ni joto. Kuanzia Mei hadi Septemba huku jua la mchana halina mzaha, na nikirekodi kwa ubora wa 4K mfululizo, baada ya muda mfupi kioo kinafifia, kisha simu inaniambia ipoe kwanza. Nimejifunza kurekodi klipu za nusu dakika, kuizima kamera kati ya klipu na klipu, kuitoa kava, na kamwe kutoichaji huku narekodi. Msiiweke kwenye friji kuipoza. Unyevu ukiingia kwenye bawaba mmejiongezea kazi.

Mwanzisha uzi

Wa alaykumu salaam. Hilo la joto ni kweli hata Dar es Salaam mwezi Februari, na mimi nimelipunguza kwa kuacha 4K. Video ya wima inayokwenda TikTok au Reels natosheka nayo kwa 1080, kwa kuwa mtazamaji anaitazama kwenye kioo cha simu na mtandao wenyewe unaibana tena ukishaipandisha. 4K naiwekea video ya mlalo ya YouTube peke yake. Kuna na suala la nafasi: dakika moja ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde inaweza kula megabaiti 350 hivi, na nyingi ya simu hizi hazina sehemu ya kadi ya kumbukumbu. Ukinunua ya gigabaiti 256, ukirekodi saa moja kila siku, ndani ya wiki mbili utakuwa unafuta picha za harusi ya dada yako kutafuta nafasi.

Mchangiaji mpya

Samahanini kaka na dada zangu. Nimeanza juzi, narekodi mafunzo ya kusuka nikiwa saluni, na tayari nimenunua ya kijaluba kwa hiyo ushauri wa kutonunua umenikuta nje ya mlango. Nina shida mbili. Picha inapepesa, kuna mistari inayopanda na kushuka kwenye ukuta, ingawa kwa macho taa ni nzima. Pia sauti ina kishindo kila ninapoweka chanuo mezani. Je, simu ni mbovu?

Mwanzisha uzi

Hapana dada, simu yako ni nzima. Mistari hiyo inatokana na umeme. Umeme wetu ni wa herzi 50, hivyo taa nyingi za saluni hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona pale muda wake wa kufungua na kufunga usipolingana na mapigo hayo. Fungua hali ya video ya kitaalamu kwenye kamera, tafuta kasi ya shata, yaani muda huo wa kufungua na kufunga, uiweke 1/50 au 1/100, kisha uiache hapo. Picha ikiwa na mwanga mno, punguza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiguse shata. Ikiwa bado inapepesa, taa yenyewe ni ya bei rahisi. Sogea dirishani, au tumia taa ya duara ya kuchaji.

Kishindo kinatokana na kile tunachokisifu tangu mwanzo wa uzi. Simu ikisimama yenyewe, nusu yake ya chini imelala mezani, na tundu kuu la maiki kwa kawaida liko kwenye ukingo wa nusu hiyo, kwa hiyo meza nzima inakuwa ngozi ya ngoma. Kunja kanga mara nne uiweke chini ya simu, utasikia tofauti papo hapo. Ukipata fedha, nunua maiki ndogo isiyo na waya ya kubana kwenye kola. Kipokezi chake kinachochomekwa kwenye tundu la chaji ni kinene kuliko nusu ya simu, kwa hiyo kitainua ukingo na simu itayumba, nayo kanga ileile ndiyo itakayoziba pengo. Katika saluni yenye feni, maiki hiyo itakufaa kuliko simu yenyewe.

Na kabla ya kuikunja, ipulizie bawaba kwa pampu ndogo ya mpira, ile ya kusafishia lenzi. Unga wa poda na vipande vya nywele za bandia sijui fundi wetu angevipa jina gani.

Fundi simu

Riziki.